Daktari wa Njia ya Mkojo: Namna ya Kumpima Kabla Hajakupima

Ukiuliza stendi ya Kahama au sokoni Katoro ni nani anayetibu tezi dume, hukosi jibu. Utatajiwa daktari mmoja wa Mwanza, utaelekezwa kwa mzee mwenye mizizi, na hakosekani wa kukupa namba ya simu ya mtu anayetangaza dawa yake redioni. Wote watatu watasifiwa kwa maneno yaleyale: "Yule ni mzuri, alimponya baba yake fulani." Sasa uliza baba yake fulani alikuwa anaumwa nini hasa, alifanyiwa nini, na leo anakojoaje. Hapo maelezo hukatika.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayeishi kati ya Shinyanga na Geita na unayemtafuta daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, yule wanayemwita yurolojisti, uwe unajitafutia mwenyewe au unamtafutia mzazi. Sikutajii majina ya madaktari, kwa sababu madaktari huhama vituo na orodha ya mwaka huu mwakani haina kazi. Nakupa maswali ya kuuliza. Ninachoamini ni kwamba ustadi wa daktari huyu hauonekani siku mgonjwa anaporuhusiwa. Huonekana miezi sita baadaye, na dalili zake za kwanza ziko kwenye vipimo alivyoagiza, au alivyoviruka, kabla ya kushika kisu.

Je, ugonjwa wako ni wake?

Yurolojisti ni mpasuaji. Kazi yake ni figo zenye mawe au zilizoziba, mirija inayoshusha mkojo, kibofu, njia ya mkojo, tezi dume, korodani na uume. Figo zilizochoka, zinazohitaji kusafishiwa damu kwa mashine, ni za daktari mwingine, wa figo, na watu wengi hupoteza nauli kwa kuwachanganya hawa wawili. Wanawake nao ni wagonjwa wake, ingawa foleni ya kliniki hujaa wazee wa kiume: mawe, damu kwenye mkojo na mkojo usiozuilika ni mambo yake. Mama anayevuja mkojo tangu alipojifungua aulizie huduma ya fistula moja kwa moja. Bugando wamekuwa wakiitibu kwa miaka mingi, na CCBRT Dar es Salaam huitibu bila malipo. Tohara haihitaji bingwa.

Kuna mengi ambayo humalizwa kituo cha afya bila kufika kwa bingwa. Kubwa kuliko yote katika ukanda huu ni kichocho, na hapa nitakaa kidogo.

Kichocho chetu ni cha aina mbili. Kando ya Ziwa Victoria kinachotawala ni cha tumbo. Ukiingia bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Usukumani, kinachotawala ni cha mkojo, na konokono anayekibeba huko anaweza kujificha ndani ya tope lililokauka kiangazi kizima, akaamka mvua zikirudi. Kwa hiyo lambo lililokauka halijasalimika. Wapo wazee wanaokusimulia kukojoa damu enzi za kuchunga kama sehemu ya utoto wa kila mvulana, na wanacheka wakikusimulia.

Ukienda kupimwa kichocho cha mkojo, usibebe mkojo wa alfajiri. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Tembea kwanza kwa miguu, ruka kidogo ukiweza, kisha hakikisha matone ya mwisho yanaingia kwenye kichupa, maana mayai huja na matone hayo. Dawa ni prazikwanteli, na hupimwa kwa uzito: miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600. Ukipewa viwili bila kupandishwa kwenye mizani, uliza kwa nini.

Kwa mtoto au kijana, mara nyingi habari huishia hapo. Kwa mtu mzima aliyepita miaka arobaini anayekojoa damu, isiishie hapo hata kama mayai yameonekana. Kichocho cha mkojo kilichokaa miaka mingi husababisha saratani ya kibofu. Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa lilikiweka kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa tangu mwaka 1994. Na si habari za mbali. Utafiti wa Bugando uliochapishwa mwaka 2013 ulipitia wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu wa kanda hii, na karibu nusu yao walikutwa na mayai ya kichocho kwenye nyama iliyopimwa. Mtu huyu anahitaji kamera ya kibofu, ile inayopitishwa njia ya mkojo daktari akaangalia ndani kwa macho. Daktari wako hana kamera? Basi akuandikie rufaa. Akikupa dawa kwa mara ya tatu na kukuambia urudi baada ya mwezi, badilisha daktari.

Wachimbaji nao wana mambo yao. Anayeshinda ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, kule Nyarugusu, Lwamgasa au Mwakitolyo hutoka jasho kutwa na maji ya kunywa ni machache, na mkojo mzito wa kila siku hutengeneza mawe. Anayechoma dhahabu iliyoshikwa kwa zebaki huvuta moshi unaoharibu figo. Mwambie daktari kazi yako hata asipouliza, useme kama ni ya duarani, ya karasha au ya mwaloni, kwa sababu kila moja humpeleka kufikiria ugonjwa tofauti. Halafu kuna ajali. Kifusi kikimwangukia mtu, au bodaboda ikimpindukia, nyonga huweza kuvunjika na kukata njia ya mkojo. Ukiona damu inachuruzika kwenye tundu la uume baada ya ajali ya namna hiyo, mpira wa mkojo usilazimishwe kupita huko. Mkojo utolewe kwa kutoboa chini ya kitovu, mgonjwa apelekwe kwa bingwa. Mpira uliolazimishwa usiku mmoja huweza kumalizia njia iliyokuwa imechanika nusu.

Yapo matatu yasiyosubiri siku ya kliniki. Mkojo ukigoma kabisa na tumbo la chini likajaa, nenda usiku huohuo. Korodani ikianza kuuma ghafla kwa kijana, una takriban saa sita kabla haijafa, kwa hiyo usikubali aanzishiwe dawa ya gono na kurudishwa nyumbani bila kuchunguzwa. Uume uliosimama zaidi ya saa nne bila kulala, iwe kwa mgonjwa wa selimundu au kwa aliyemeza dawa za nguvu za kiume, ni dharura pia, aibu iwekwe pembeni.

Alisoma nini, na wapi

Hospitalini kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, na hapo ndipo watu hupotea. Tabibu ana stashahada. Daktari ana shahada ya udaktari ya miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi. Daktari bingwa ameongeza miaka kadhaa ya masomo ya fani moja, na fani unayoitafuta ni upasuaji wa mfumo wa mkojo. Bingwa wa upasuaji wa jumla ni mtu mwingine. Katika hospitali nyingi za mikoa ndiye anayepasua tezi dume, na wengi wao hufanya vizuri. Lakini kwa njia ya mkojo iliyoziba, kwa mawe yaliyo juu kwenye figo, na kwa saratani, mngoje yurolojisti.

Tanzania imewasomesha mayurolojisti wake kwa sehemu kubwa kupitia KCMC, Moshi, yenye Taasisi ya Yurolojia, na kupitia Muhimbili. Historia ya ile taasisi ya Moshi inagusa kanda yetu. Lester Eshleman, Mmarekani wa kanisa la Mennonite aliyehusika sana kuijenga, alianzia Shirati, mkoani Mara. Wapasuaji wa mkojo wa Uingereza, kupitia kikundi chao cha Urolink, wamekuwa wakienda Moshi kwa miaka mingi kufundisha, hasa ukarabati wa njia ya mkojo iliyoziba. Njia nyingine ya ubingwa ni COSECSA, Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha. Aliyepitia huko huandika FCS baada ya jina lake. Ukiona herufi hizo ukutani, uliza ni za fani gani, kwa kuwa chuo hicho hutoa ubingwa wa aina nyingi za upasuaji.

Kila anayeruhusiwa kutibu kama daktari yumo kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo kwa sasa linaongozwa na sheria ya mwaka 2017. Jina huweza kutafutwa kwenye tovuti ya Baraza, na kijana yeyote mwenye simu janja atakusaidia. Tafuta mambo mawili: kama jina lipo, na kama fani iliyoandikwa ndiyo anayoitangaza. Ukiwa uso kwa uso naye, swali liulizwe kwa adabu na halitamuudhi aliyesoma: "Samahani daktari, wewe ni bingwa wa upasuaji wa jumla au wa njia ya mkojo?" Anayekasirika amekujibu.

Anafanyia kazi wapi

Daktari bila vifaa ni nusu daktari. Mtu aliyefundishwa kukwangua tezi dume kwa kamera, bila kupasua tumbo, akipangiwa hospitali isiyo na mashine hiyo atapasua tumbo, na si kosa lake. Njia zote mbili zinatibu. Ya kamera hukulaza siku chache kuliko ya tumbo; ya tumbo huacha kidonda na huhitaji ndugu wajiandae kuchangia damu. Kwa tezi kubwa mno, ya tumbo huweza kuwa ndiyo bora. Uliza tu: "Hapa mnafanya kwa njia gani, na kwa tezi yangu unapendekeza ipi?"

Kwa mtu wa Shinyanga, ngazi huanza zahanati au kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Mwawaza. Mtu wa Geita ana hospitali yake ya mkoa, na juu yake Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato. Wote wawili wana Bugando, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, inayofundisha madaktari wa chuo cha CUHAS na yenye tiba ya mionzi kwa saratani. Kabla ya kupanda basi, piga simu uulize siku ya kliniki ya mkojo. Ukifika Ijumaa wakati kliniki ilikuwa Jumanne, utalala gesti siku nne. Safari ya Geita kwenda Mwanza angalau imepungua adha tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Mgonjwa mwenye mpira hangoji tena pantoni.

Chukua barua ya rufaa hata kama unalipa taslimu. Kwa mwenye bima ndiyo inayofungua mlango, na kwa asiye na bima ndiyo inayomwambia bingwa umeshapewa nini, asianze upya. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha wa malipo kwa sera ya nchi, ila abebe kitambulisho cha mzee au barua ya mtendaji, aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla bili haijaandikwa. Ikishaandikwa, kazi huwa kubwa.

Tangu mwaka 2024 timu za madaktari bingwa wa Mama Samia zimekuwa zikizunguka hospitali za halmashauri kwa siku chache chache, na hospitali kubwa nazo huendesha kambi zao. Kambi ni nafuu ya kweli kwa vipimo na ushauri. Uliza kama yurolojisti yumo kwenye msafara, maana si kila msafara unaye. Na kabla ya kukubali kupasuliwa kambini, uliza nani atakayekuangalia timu ikishaondoka. Swali hilohilo liulize kwenye kliniki za jioni za mjini, ambako bingwa wa serikali huja saa 10 na kuondoka saa 1 usiku: nitapasuliwa wapi, na usiku wa kwanza nikivuja damu nani yupo zamu?

Siku ya kuonana naye

Siku tatu kabla, chukua chupa ya maji iliyokatwa juu, uandike kila ukikojoa: saa ngapi, kiasi gani. Karatasi hiyo itamwambia daktari mambo ambayo wewe ungeyaeleza kwa dakika kumi ukiwa umeinama. Beba dawa zote ndani ya mfuko, mizizi ikiwemo. Usiifiche. Daktari anayejua umekunywa nini atakupima figo, na anayejua unameza aspirini au dawa ya kuyeyusha damu ataisimamisha kabla ya upasuaji.

Fikiria pia nani atakayemsindikiza mzee. Kwetu mzee wa miaka sabini huletwa na mkamwana wake, kwa sababu ndiye mwenye muda. Anaingia naye chumbani, daktari anauliza, "Mkojo unatokaje, na tendo la ndoa likoje?" Mzee anatazama sakafu na kujibu kwamba hana shida yoyote. Alisafiri kutoka Kishapu na mpunga wake ameuza. Mwache aingie peke yake, au na mdogo wake, au na rika lake. Kama Kiswahili chake ni cha kuokoteza, omba muuguzi anayejua Kisukuma. Hospitali za kanda hii hazikosi.

Daktari anayejua kazi yake atakugusa. Atabonyeza tumbo la chini, ataangalia korodani, na kwa mwanaume mtu mzima atavaa glavu, apake mafuta na kupima tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Ni chini ya dakika moja. Wanaume wetu wamekifanya kipimo hiki mzaha wa vijiweni, na mzaha huo umewaua watu, kwa kuwa kipimo cha damu cha PSA peke yake hakitoshi. PSA hupanda kwa saratani, hupanda kwa tezi iliyovimba tu, hupanda kwa maambukizi, na hupanda baada ya kuwekewa mpira. Aliyewekewa mpira au aliyetoka kwenye maambukizi asubiri wiki sita hivi kabla ya kukiamini. Anayekuambia una saratani kwa namba ya PSA tu amekurupuka. Jibu la saratani hutolewa na maabara baada ya kuchukuliwa vinyama.

Mbali na kidole na damu, tarajia mkojo wako upimwe, sukari ipimwe, na ufanyiwe ultrasaundi mara mbili: kibofu kikiwa kimejaa, kisha baada ya kukojoa, kuona kiasi kinachobaki. Aliyekupangia tarehe ya upasuaji bila vipimo hivi amekupanga kwa kubahatisha. Muulize pia jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshapasuliwa: baada ya upasuaji wa tezi dume, mbegu mara nyingi hurudi nyuma kibofuni badala ya kutoka. Raha inabaki, lakini mtoto kwa njia ya kawaida ni shida. Mwanaume wa miaka hamsini aliyeoa mke wa pili anastahili kuambiwa mapema.

Wagonjwa wake wanasemaje

Sifa za mgonjwa ni ushahidi, ila ziulize vizuri. Watu humsifu daktari kwa upole wake, kwa kutopanga foleni ndefu, kwa kuzungumza Kisukuma. Haya ni mema na mimi siyadharau, kwa sababu mgonjwa anayedharauliwa harudi kliniki. Lakini upole haufungui njia ya mkojo.

Mtafute aliyetibiwa miezi sita iliyopita, si wiki iliyopita. Aliyetolewa mpira juzi anakojoa kama maji ya bomba na atamsifu yeyote. Muulize: mpira ulitolewa baada ya muda gani? Ulirudishwa? Mkojo bado una nguvu au umeanza tena kuwa mwembamba? Unavuja ukikohoa? Nyama iliyotolewa ilipelekwa maabara, na majibu uliyapata? Hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Tezi iliyotolewa ikatupwa bila kupimwa huenda ilikuwa na saratani, na mgonjwa atarudi baada ya miaka miwili akiumwa mgongo.

Kwa mwenye njia iliyoziba swali ni jingine: umepanuliwa mara ngapi? Kupanua kwa vyuma kuna nafasi yake, mara ya kwanza na kwa kizibo kifupi. Mtu aliyepanuliwa mara tano na daktari yuleyule, akilipa kila mara, anahitaji kutengenezewa njia upya, na daktari asiyefanya upasuaji huo alipaswa kumpeleka anakofanyiwa siku nyingi.

Malalamiko nayo yachuje. "Alinikatalia kunipasua" huweza kuwa sifa: huenda sukari ilikuwa juu. "Alinituma vipimo vingi" huweza kuwa sifa pia. "Hakuniambia nini amenifanyia" si sifa kamwe. Na "aliniomba hela pembeni" si suala la maoni. Lipeleke kwa mganga mfawidhi wa hospitali, likikwama kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na la kitaaluma liende Baraza la Madaktari kwa maandishi. Ndiyo maana kila karatasi uitunze: risiti, picha, muhtasari wa kuruhusiwa, majibu ya maabara. Piga picha kwa simu umtumie mtoto aliye mbali, maana karatasi za Lwamgasa huloa.

Wakati unasubiri tarehe

Wengi huwekewa mpira leo na upasuaji ukapangwa miezi mingine, mara nyingi kwa sababu pamba haijauzwa au duara halijatoa. Mpira wa kawaida ubadilishwe kila wiki tatu hadi nne; mpe muuguzi kalamu aandike tarehe kwenye kifuko. Kifuko kikae chini ya usawa wa kibofu, hata ukiwa umepanda bodaboda, na kisiburute chini. Osha unapoingilia mpira kwa sabuni na maji kila siku. Kunywa maji. Usifunge mpira kwa uzi ili uende msibani bila kifuko. Ukiona mkojo umeacha kushuka na tumbo linajaa, au homa na kutetemeka vimekushika, usingojee tarehe ya Mwanza: nenda kituo cha afya kilicho karibu, wausafishe au waubadilishe, kisha urudi kwenye foleni yako.